Nyumba Isiyo na Milango

Kijiwe chetu ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, umeegemea ukuta wa kiwanda cha mikate kilichofungwa zamani. Mimi ndiye muuza kahawa, kwa hiyo nina haki ya kumnyamazisha mtu yeyote hapa, ingawa hakuna anayenyamaza. Kiwanda ni cha Hamira, mwoka mikate mstaafu, na wiki hii amekitoa: wazee wa mtaa wakigeuze nyumba, wakae pamoja. Wa kwanza kuomba nafasi ni Bawaba, fundi seremala aliyefiwa na mkewe. Tatizo ni binti yake, dereva wa lori, anayekuja leo kumchukua akakae naye ghorofa ya tatu. Bawaba hataki kwenda, wala hataki kumuudhi mwanawe. Kwenye simu akamwambia, "Njoo kwanza uione ramani ya nyumba yetu." Ramani yenyewe haikuwepo. Ndiyo tunaichora sasa, kwa chaki, kwenye saruji mbele ya benchi. Chaki anayo Sindano, nesi mstaafu. Spika, aliyekuwa mnadishaji, hana chaki lakini mdomo anao.

Sindano: Tuanze na choo. Kila mtu na chake, karibu na kitanda, na chuma cha kushikilia ukutani.

Spika: Hapo umenena. Haba na haba hujaza kibaba, hasa usiku.

Hamira: Vyoo vingi ni maji mengi, jamani.

Sindano: Paa lote hili? Tutakinga mvua kwenye matangi. Maji ya kunawia yaende bustanini.

Hamira: Na tanuri langu bado zima! Liwashwe mara moja kwa siku, kwa maranda ya mbao. Lioke mikate, lichemshe na maji ya kuoga. Moto mmoja, kazi mbili.

Bawaba: Maranda niachieni mimi.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu aketi. Macho yake yalikuwa barabarani.

Spika: Ule mkanda uliokuwa unabeba mikate bado unazunguka?

Hamira: Ukitiwa mafuta.

Spika: Basi kwisha! Mzee anaamka, anaketi kwenye mkanda, unampeleka bafuni. Akitoka bafuni, unampeleka mezani. Goti linapumzika.

Sindano: Na akisinzia njiani?

Hamira: Ataingia tanurini.

Tulicheka mpaka mpita njia akasimama kuuliza kuna nini.

Sindano: Asiyetembea anaganda, nawaambia mimi niliyewakanda. Uani pawe na njia ya kuzunguka, sakafu sawa, bila ngazi, na benchi kila baada ya hatua chache. Halafu pembeni chekechea.

Hamira: Watoto wa nini tena?

Sindano: Wao watutungie uzi kwenye sindano, sisi tuwasimulie uongo.

Hamira: Hilo nimelipenda. Lakini vyumba vinane vinataka kuta, na nyuma kule kuna ufa mkubwa, sijauziba bado.

Spika: Usiuzibe! Wahenga walisema nini? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi si tunataka kuta? Uache huo ufa!

Kahawa ilinipalia. Sindano alinipiga mgongoni kinesi, yaani kwa nguvu. Spika akaona watu wamechangamka, akapanda juu ya benchi.

Spika: Tena kuta za nini? Kinachomuua mzee ni upweke, na upweke unajificha nyuma ya mlango. Toa milango yote! Ukumbi mmoja, vitanda duara. Ukikohoa, watu saba wanakwambia pole.

Hamira: Hata mlango wa choo?

Spika: Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sindano: Chawa na choo wapi na wapi?

Spika: Lifikirie taratibu, utaelewa.

Sote tukamgeukia Bawaba, maana nusu ya milango ya mtaa huu imetoka mikononi mwake.

Bawaba: Toeni.

Sindano: Kaka, unasema kweli?

Bawaba: Toeni milango, wekeni mkanda, wekeni chochote kitakachompendeza binti yangu. Nampenda mwanangu. Lakini nikienda kule nitamwona akitoka alfajiri, nitamwona akirudi usiku. Katikati nitaongea na friji.

Iliniuma kumsikia. Nikammiminia kikombe kingine bila kuulizwa, na Sindano akafuta milango yote kwa kiganja.

Hapo lori likapinda kona na kusimama mbele yetu, nyuma tupu, kamba za kufungia mizigo ziko tayari. Binti akashuka, mikono ina grisi.

Binti: Shikamooni.

Sisi sote: Marahaba, mwanetu!

Kabla hajakaa, Spika alishaanza kumnadia: matangi, tanuri, mkanda, chekechea, ukumbi wa vitanda duara. Binti alisikiliza yote. Mara moja moja alimtazama baba yake, ambaye alikuwa anatazama kikombe. Kisha akaizunguka ramani bila kuikanyaga, akainama.

Binti: Mbona sioni mlango?

Spika: Hakuna! Ndio uzuri wake!

Binti: Sasa nikija kumwona baba, hodi nitapiga wapi?

Spika, mtu aliyewahi kunadi kitanda cha miguu mitatu na kikanunuliwa, akashuka kwenye benchi taratibu. Hamira akamtazama Sindano, Sindano akatazama kiganja chake chenye chaki. Nikanyanyua buli nimimine, likatoa machicha matupu.

Bawaba ndiye aliyekuwa amesikia vizuri kuliko sisi.

Bawaba: Umesema ukija?

Binti: Ndiyo, nikija. Kwani ulidhani siji?

Mzee alicheka, akacheka tena, mpaka machozi yakamtoka na ikabidi ashike benchi. Nilifurahi hata nikasahau kwamba sina kahawa ya kuuza. Wote wakaanza kusema kwa pamoja, huyu anataka mlango mmoja mkubwa wa mbele, yule anataka kila mtu na wake, Spika anataka mapazia, na swali la binti likabaki bila jibu. Mchana lori liliondoka tupu, likipiga honi mpaka kona.