Fidla Nne Zilizongojana: Kumuaga Mwalimu Théodore Kasereka

Tarehe 30 Septemba 1978 Mwalimu Théodore Kasereka anastaafu, baada ya miaka ishirini na sita ya kufundisha muziki katika chuo chetu hapa Arua Hill. Wakubwa wameniomba mimi, Mama Scholastique, niliyewapikia walimu chai, niandike habari zake. Ni mwanangu wa kuzaa. Basi nikimsifu sana msishangae. Mama gani hupima sifa za mtoto wake kwa kijiko?

Fidla alifundishwa na mapadre Wabelgiji huko Kongo, kabla hatujavuka mpaka. Mkono wake ni laini, kifundo tu ndicho kinachotembea. Mwaka 1973 alikusanya walimu wenzake watatu wapige pamoja. Ocama, mwanafunzi wa padre Mwitaliano, huvuta upinde mrefu mpaka jirani anakwepa kiwiko. Asiku alijifunzia Khartoum, na sauti zake huteleza kama mlenda. Ondoga, wa ile fidla kubwa ya kuweka kati ya magoti, alikuwa askari akapelekwa Urusi. Anapiga kama anapasua kuni. Mmoja mmoja, raha. Wote pamoja, nilisikiliza nikiosha vikombe na kichwa kikanizunguka.

Shida ilikuwa kuanza. Théodore huvuta pumzi puani, ndiyo ishara yake. Ocama hungoja shingo ya fidla iinuliwe. Ondoga hungoja mguu upigwe chini. Asiku hangoji mtu: alikosomea, mmoja hutangulia akizunguka-zunguka na wimbo peke yake, ndipo wengine waingie. Mkuu wa chuo akachoka: "Chagueni mkono wa nchi moja! Mkituaibisha tena, fidla zinarudi stoo."

Ikaja arusi ya Driciru, dada yake Ocama, kule Koboko. Mkuu alikaa mbele. Asiku naye, kwa heshima, aliapa siku hiyo hatatangulia. Wakashika pinde. Kimya. Wageni wakadhani ni sala, wakasimama. Padre akasema Amina, wakakaa. Bado kimya. Mkuu akaanza kutazama masanduku ya fidla.

"Mwalimu, sisi iko ngoja wewe!" Ondoga akanong'ona, ukumbi mzima ukasikia.

"Na mimi nangoja ninyi!"

Théodore akageuza kiti, mgongo kwa wageni. Mzee mmoja akafoka, "Hii mutu iko peana sisi mgongo!" Mwanangu hakujali. Akavuta pumzi, akainua shingo ya fidla, akapiga mguu, vyote kwa mara moja kama aliyeingiwa na siafu, akasema, "Asiku, ndugu yangu, tangulia."

Asiku akatangulia. Wengine wakaingia, kila mtu kwa mlango wake. Watu wakainuka kucheza bila kujua watumie miguu gani: hawa wanatikisa kiuno cha Kongo, wale wanapiga gwaride. Shangazi wa bibi arusi akaniuliza, "Mama Théodore, hii ngoma iko ya kabila gani?"

Nikamjibu, "Ya mtoto wangu."

Mkuu alicheza mpaka kofia ikaanguka. Habari ya stoo ikaishia hapo.

Juzi kwenye mazoezi Théodore alitaka kuchagua atakayewaanzisha akishaondoka. Ocama akamkatiza: "Mwalimu, enda pumzika. Sasa sisi najua kukosea pamoja." Wakapiga bila yeye. Walianza vibaya, wakapatana katikati. Muziki ule ni wa nchi gani, mpaka leo sijui. Yeye alikaa kando yangu akisikiliza, chai ikapoa mkononi.

Asante, mwanangu, kwa niaba ya chuo kizima. Tunakuombea siku za utulivu, shamba lenye mvua, na masikio mazima ya kuwasikia wenzako.