Nani Aliyepalilia Kitalu cha Watoto

Mbele ya duka la Mama Tak, nyuma ya majengo ya ghorofa kumi na tano, kuna jukwaa la mbao lililotandikwa mkeka wa plastiki. Kila asubuhi wazee huvua viatu, wakapanda, wakakaa, na Mama Tak huwaletea kahawa ya pakiti, ile iliyokwisha kuchanganywa na maziwa na sukari, katika vikombe vidogo vya karatasi. Sajini hukaa ukingoni ili aione barabara yote, kama vile bado yuko lindoni. Katibu, aliyekula miaka thelathini katika ofisi ya wilaya, hukaa kivulini na gazeti lake. Bibi Haenam hukaa katikati na bakuli la vitunguu saumu vya kumenya. Haenam si jina lake. Ni kwao, kusini kabisa, na mtaani hapa mwanamke wa umri wake huitwa kwa jina la kwao.

Jumatano hiyo ya mwezi wa sita habari ilikuwa moja tu. Kule kilimani, kwenye bustani ya watoto, kitalu cha magugu kilikutwa kitupu.

Bustani ile haina bembea. Ina magogo ya kutambaa, kijito cha kuchezea matope, na kitalu kimoja ambacho magugu yaliachwa yaote yapendavyo. Kila mtoto wa chekechea alijichagulia gugu lake, akachomeka kijiti chenye jina lake, na kila wiki alikuja kulitazama na kulichora. Sasa vijiti ishirini na viwili vilikuwa vimesimama wima kwenye udongo mtupu, uliolainishwa vizuri, bila hata jani moja.

Bibi Haenam alimenya kitunguu bila kuinua uso. Aliyekisafisha kitalu kile ni yeye.

Jana yake, kulipokucha, alipanda kilimani kunyoosha magoti. Akaona vijiti vyenye majina ya watoto, na kuzunguka kila kijiti majani yamefika magotini. Akadhani kila mtoto amepewa kipande chake cha kulima na wote wameshindwa. Aliwaonea aibu watoto wa watu, na wazazi wao pia. Akachuchumaa na kijembe chake cha mkono, akapalilia kwa saa mbili, akanyoosha kila kijiti kilichoinama, akarudi nyumbani moyo mweupe. Alitarajia leo asikie mtu akishukuru.

Badala yake Katibu alikuja na maneno ya ofisini. Kuna wazazi ambao siku nyingi wanalalamikia matope na wadudu, na wanataka mahali pale pawekwe sakafu ya raba, watoto waruke tu. Mwalimu Seon, anayeitunza bustani kwa mkataba wa mwaka mmoja, ametakiwa kujieleza kwa maandishi kabla ya saa sita.

— Akishindwa kusema ni nani, watasema ni uzembe wake, Katibu alisema. Mkataba utaishia hapo, na raba itakuja.

Kitunguu kilimponyoka Bibi Haenam, kikabingirika hadi kwenye viatu vya Sajini.

— Ni nguruwe pori, Sajini alisema, akimrudishia. Mwaka huu wameshuka mno.

— Nguruwe gani huyo anayesimamisha vijiti?

— Wa siku hizi wamezoea watu.

Mama Tak, aliyekuwa akipanga chupa za maji mlangoni, alisema nguruwe wasionewe bure. Yeye aliona kwenye televisheni mtu aliyepona kisukari kwa kunywa maji ya gugu fulani, na tangu siku hiyo watu wa mjini wanatembea na mifuko. Katibu akapinga. Mwizi wa dawa angechukua gugu moja, si aina zote, na asingesawazisha udongo. Kwa hesabu yake hiyo ilikuwa kazi ya muuza raba mwenyewe, anayetengeneza sababu ya kupata zabuni. Sajini alikunywa kahawa yake, akafikiri kijeshi, kisha akayaunganisha yote: muuza raba amefuga nguruwe, huwaachia kitaluni, halafu mtu wake anapita nyuma kunyoosha vijiti.

— Na mtu huyo anaitwa nani? Katibu aliuliza.

— Hiyo ni kazi ya polisi. Mimi nimeshawafungulia njia.

— Wewe umefungua zizi tu.

Kisha Katibu akamgeukia Bibi Haenam. Wewe mtu wa shamba, akamwambia, umekwenda kuona? Kazi ile ni ya nani?

— Ya mtu anayejua kupalilia, Bibi Haenam alijibu.

— Sajini, umesikia? Nguruwe wako ameachiwa huru.

Wakacheka wote isipokuwa yeye.

Hapo ndipo Mwalimu Seon alipotokea kwenye njia ya kilimani, matope yamemkaukia kwenye buti, mkononi ana karatasi. Pembeni yake alikuwa Da-on, msichana wa miaka sita wa jengo la pili, ambaye alikataa kubaki na wenzake. Mwalimu aliinama kuwasalimu wazee, akauliza kama kuna aliyeona mtu akipanda jana. Sajini alimshauri aandike nguruwe. Mwalimu akatabasamu kidogo. Alisema ameshaamua la kuandika: kwamba hakuweka kibao cha kueleza magugu yale ni ya nini, na kwa hiyo kosa ni lake.

Bibi Haenam alikiweka kisu chini.

— Mwalimu, usiandike hivyo. Ni mimi.

Mama Tak aliacha chupa zake.

— Niliona majina, nikadhani ni vipande vyao. Nikasema watoto wameshindwa kulima, ngoja niwasaidie. Niling'oa yote, nikanyoosha vijiti.

— Tangu saa mbili tunasingizia nguruwe, Sajini alisema polepole, na wewe umekaa hapa unamenya vitunguu.

— Niliogopa, Sajini.

Mwalimu Seon aliikunja karatasi yake. Akauliza, kwa upole uleule anaowauliza watoto, kama Bibi angekubali kuyasema maneno hayo ofisini. Bibi Haenam alisema atakwenda kabla ya saa sita, na kwa miguu yake. Katibu alikuwa tayari anatafuta viatu. Alijua ni dirisha gani na ni nani wa kumwona, akasema, na wakimzungusha mama wa watu watamkuta yeye.

Bibi Haenam akamgeukia msichana na kumwomba radhi. Alijiandaa kwa machozi, au kwa kununiwa na kugeuziwa mgongo. Da-on alifungua daftari lake, akampa. Palikuwa na jani lenye ukingo wa meno-meno, bua jekundu, na juu yake duara tupu lililochorwa kwa penseli.

— Langu lilikuwa bado halijatoa ua, alisema. Lingekuwa la rangi gani?

Wazee wote watatu waliinama juu ya daftari. Walilitambua mara moja, lile gugu la kwenye mashamba ya soya.

— Jeupe, Sajini alisema.

— Njano, akasema Katibu.

— Mmeliona wapi likiwa na ua? Mama Tak aliuliza.

Sajini akaitazama barabara. Katibu akakunja gazeti lake. Bibi Haenam alihesabu mashamba yote aliyowahi kuyapalilia, ya baba yake, ya mkwe wake, ya kwake mwenyewe, miaka sitini, na kila mwaka gugu hilo liling'olewa na mkono wake likiwa changa.

— Sijui, mjukuu wangu, alisema. Sikuwahi kulingoja.

Da-on alichukua daftari lake, akalitazama lile duara, akalifunga bila kulipaka rangi.