Mkaa Chini ya Mnyaa wa Kona

Sogeeni, Advera na wewe Emilian, na hiyo redio izimeni, pumzi niliyobaki nayo sitaki kuigombania na mtangazaji.

Leo kamati ya kata imenirudisha kwenye uenyekiti wa baraza la ardhi, mimi Adelina, mgonjwa wa kitandani, kura kumi na saba kwa tano, na aliyeangushwa ni Masolwa mwenye vyeti vya kujaza begi. Nimecheka mpaka mbavu zimeniuma. Alinisoma mbele za watu: darasa la saba, mjane, zamani aliuza pombe ya mtama hapa Kigwa, eti hana kwalifikesheni. Yote kweli. Advera, digrii yako ya sheria imelala sandukuni mwaka wa sita huku unakaanga maandazi stesheni, kwa hiyo unajua cheti kinachosomwa nchi hii ni cha mwenye mjomba ofisini.

Akaona haitoshi, akashika kazi yangu. Akasema mwenyekiti huyu hugeuza hukumu bila kuona aibu: alimpa mwanawe shamba, kesho yake akamnyang'anya. Nalo ni kweli, na wajukuu waambieni lilivyokuwa. Jirani yetu Bertila alilalamika kwamba Emilian amemega shamba lake. Nilitaka nikae pembeni, Bertila mwenyewe akakataa, akasema anamtaka Adelina. Nikaenda, nikakuta minyaa ya mpaka imenyooka, minene, nikampa haki mwanangu. Hapo ndipo nilipokosea, maana nani huku hajui kwamba mnyaa ukiuhamisha na shina lake unashika popote, na mvua mbili tu unaonekana wa tangu babu? Nilipofika nyumbani nikakumbuka kuwa marehemu baba yenu alifukia mkaa chini ya kila mnyaa wa kona, kwa sababu mkaa hauozi na mwizi hakumbuki kuuhamisha. Kesho yake nikaliita baraza lote, nikachimba kwa jembe langu. Chini ya minyaa yako, Emilian, udongo mtupu. Hatua kumi na mbili kuja kwetu, mkaa. Nikawaambia watu, "Jana nilikosea. Ardhi ni ya Bertila." Tangu siku ile hukunipa shikamoo, miaka minane.

Leo Masolwa akakuita shahidi, akidhani hasira yako ni mtaji wake. Advera ameniambia ulivua kofia ukasema, "Minyaa niliihamisha mimi. Mama alisema haki." Mikono ikapanda. Wabeja, asante mwanangu. Kuchaguliwa nimechaguliwa mara tatu. Kushinda, nimeshinda leo.

Sasa sikilizeni. Nyumba ni ya Advera. Shamba gawaneni nusu kwa nusu, na Bertila awepo mkipima. Kiti cha baraza si cha ukoo. Advera akikitaka akaombe kama wengine, na wewe Emilian usimpigie debe. Masolwa akija msibani mpeni kiti cha mbele, ale ashibe, msimchokoze.

Maji... kidogo. Basi.

Kesho saa tatu kuna shauri la ndugu wawili, wanatoka mbali kwa baiskeli. Mwambieni katibu... asiliahirishe kwa ajili yangu. Mungu awape midomo isiyoogopa kusema nilikosea. Awape... watoto wenye midomo hiyo. Emilian, nenda sasa hivi, kabla katibu hajafunga ofisi.