Fungu la Kumi na Tatu la Bwana Aminieli

Bwana Aminieli Akyoo, fundi mkuu wa mashine katika Kiwanda cha Kukoboa Kahawa cha Themi, alistaafu tarehe 31 Desemba 1957, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Leo, Jumamosi tarehe 4 Januari 1958, tumekusanyika hapa ghalani kumuaga yeye pamoja na mkewe, Mama Tabea.

Karani aliyepewa kazi ya kuandika wasifu huu ana miezi saba tu kazini. Kwa hiyo ameuliza kwanza, ameandika baadaye, kisha amempelekea mzee mwenyewe asome. Mzee amekubali yote kwa sharti moja: kiasi cha akiba yake kisitajwe. Hakitatajwa.

Bwana Aminieli alizaliwa Nkoaranga, kwenye mteremko wa Mlima Meru, akasoma katika shule ya misheni hadi darasa la nne. Aliingia kiwandani mwaka 1926 akiwa mbeba magunia. Wakati huo kahawa ilishuka kutoka mlimani kwa punda na magari ya ng'ombe, na kiwanda kilikuwa na mashine moja tu, iliyokohoa zaidi kuliko ilivyokoboa. Fundi wa kwanza aliporudi kwao, ilionekana kwamba Aminieli ndiye aliyezoea kikohozi hicho kuliko wote. Akapewa spana.

Wakati wa vita vya juzi, mikanda ya mashine ilipokosekana nchi nzima, alishona mkanda wa ngozi ya ng'ombe kwa mkono wake. Ulifanya kazi misimu miwili bila kukatika. Tatizo lake lilikuwa harufu, kwani kila mashine ilipopata moto, nao mkanda ulianza kunukia. Bibi Paskalina, mkuu wa akina mama wanaochambua kahawa, hajasahau mpaka leo. Asubuhi moja alijifunga kanga puani akapaza sauti mbele ya wote: “Mzee, leo tunakoboa kahawa au tunachoma nyama?”

Lakini kilichompatia Bwana Aminieli sifa hadi mjini ni akiba. Kila siku ya mshahara alipitia Posta kabla ya kupitia sokoni. Bei ya kahawa ilipopanda baada ya vita, wengi walinunua baiskeli na redio. Yeye fedha za kahawa yake alizipeleka kulekule. Ikafika mwaka 1955 akatangaza, wakati wa chai, jambo ambalo hapa kwetu lilikuwa halijasikika: kwamba atastaafu na kuishi kwa riba ya akiba yake, bila kuigusa akiba yenyewe.

“Ng'ombe wa maziwa,” alisema, “hachinjwi kwa sababu supu inanukia.”

Msaidizi wake, Bwana Simel, ambaye hawezi kuacha neno lipite, aliuliza: “Shikamoo mzee. Huyo ng'ombe wa Posta analishwa nini?”

“Marahaba. Analishwa njaa yangu.”

Watu walicheka, lakini mzee hakuwa anatania. Shamba lake lote alikuwa amekwisha kuwagawia wanawe watatu, akabaki na nyumba na migomba michache nyuma ya jiko. Hakutaka yeye na Mama Tabea wawe wageni wa kudumu katika majiko ya watoto, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Anasema baba anayelishwa kwa zamu huishia kuwa shauri la kikao cha ukoo. Basi ama riba iwatoshe wazee wawili, ama aendelee kushika spana mpaka siku atakapoanguka kando ya mashine. Njia ya tatu hakuiona.

Ndipo alipofanya jambo la busara ambalo ingefaa sisi vijana tuliige. Badala ya kustaafu kwanza na kujua baadaye, alijaribu. Januari 1956 alitoa Posta riba ya mwaka uliotangulia, akaigawa mafungu kumi na mawili yaliyo sawa, kila mwezi fungu lake. Mshahara wote aliuweka kando. Wakimaliza mwaka kwa mafungu hayo bila kugusa kitu kingine, anastaafu. Wakishindwa, hastaafu.

Sisi wa kiwandani hatukuambiwa. Tuliona tu mzee ameacha mandazi ya saa nne, na anashuka kutoka Nkoaranga kwa miguu hata siku za mvua. Bwana Meneja alidhani ana deni, akamwita ofisini kumpa mshahara wa mwezi ujao mapema. Mzee alishukuru, akakataa. Bibi Paskalina alikuwa na maelezo yake.

“Tunasikia una mke mwingine Kaloleni, ndiyo maana hata andazi limekushinda.”

“Ninaye,” mzee alijibu, “ila anakaa Posta. Kila nikienda kumwona napanga foleni.”

Miezi kumi na moja ilipita vizuri. Mafungu yalitosha, na Novemba zilibaki hata fedha za kununua chumvi ya ziada. Mzee akamwarifu Bwana Meneja kwamba anaondoka mwisho wa mwaka. Bwana Simel, aliyeahidiwa nafasi hiyo, alikwenda siku ileile kushonesha koti la fundi mkuu.

Kisha ikaja Krismasi. Mtu aliyekaa mlimani maisha yake yote, mzee wa kanisa, alikuwa amehesabu kama mtu wa mshahara, mwezi kwa mwezi, akaisahau Krismasi! Ukoo ulipanda kutoka Moshi, Tanga na Nairobi, na wake na watoto na njaa ya safari. Fungu la Desemba liliisha kabla ya mkesha.

“Krismasi haikutuvamia, Baba Elieza,” Mama Tabea alimwambia. “Huwa inakuja kila mwaka.”

Elieza, mwana wao mkubwa, alimvuta baba yake pembeni. “Baba, chukua kidogo tu kwenye akiba. Nani atajua?”

“Ng'ombe atajua.”

Wageni walilishwa kwa mshahara wa mwezi huo, wakala wakashiba, na hakuna aliyejua kwamba nyama ile ilikuwa imemgharimu mwenyeji wao mwaka mwingine wa kazi. Januari 1957 alirudi kiwandani akamwambia Bwana Meneja kwamba jaribio limeshindwa. Bwana Simel alilivaa koti lake jipya kanisani tu, mwaka mzima. Hata hivyo alimpa mzee shauri: “Safari hii usisahau na Pasaka.”

Mwaka wa pili mafungu aliyagawa Mama Tabea. Yalikuwa kumi na matatu. Kila mwezi ulikonda kidogo ili lipatikane la mwisho, alilolifunga kwa uzi mwekundu na kulisukuma chini kabisa ya kasha. Mzee alipouliza hilo ni la mwezi gani, alijibiwa, “Halina mwezi. Lina watu.” Februari alinunua mwanambuzi, akamfungia ndani na kumnenepesha kwa maganda ya ndizi. Mei bati lilipoanza kuvuja, waliliacha livuje, wakahamisha kitanda mpaka fungu la Juni lilipofika. Kasha lilikuwa hatua mbili kutoka kitandani, na uzi mwekundu haukufunguliwa.

Krismasi ya juzi watu walikuja wengi kuliko mwaka uliotangulia, maana habari ilikuwa imeenea na kila mmoja alitaka kuona mwisho wake. Mbuzi alichinjwa, mchele ukanunuliwa, watoto wakapata soda. Elieza anasema baba yake alizunguka na sahani mkononi siku nzima bila kutia kitu mdomoni, akihesabu vichwa. Jioni, mgeni wa mwisho alipoteremka, Mama Tabea alileta lile fungu, akalifungua mbele yake juu ya meza. Fedha zilikuwa zimebaki.

Mzee alizihesabu. Kisha akaketi. “Sasa nipe nyama yangu,” akasema.

Kwa kazi yake hapa kiwandani tunamshukuru sana. Mashine tatu zinazokoboa leo amezifunga yeye, mafundi wanne wamefundishwa na yeye, na tangu mwaka jana wafanyakazi wengi, akiwamo karani huyu, hupitia Posta kabla ya kupitia sokoni. Bwana Simel tunampongeza kwa nafasi yake mpya, na kwa koti, ambalo kuanzia Jumatatu litavaliwa kazini.

Jambo la mwisho ameliomba Mama Tabea, naye hakuuliza kama tunakubali. Kilichobaki katika fungu la kumi na tatu alikibadilisha kwa sukari jana dukani. Ndiyo iliyomo katika chai mnayokunywa sasa. Kwa hiyo, Mzee Aminieli, Mama Tabea, tunawaaga tukiwa tumeshiba jasho lenu. Mpumzike nyumbani kwenu, juu ya kiti chenu, kwa chakula chenu wenyewe. Na Krismasi ijayo, kama uzi mwekundu utaruhusu, tutapanda mlima kuwasalimu.