Nahumu Mwalongo na Maji ya Tangi la Makambako

Ndugu yetu Nahumu Anania Mwalongo alizaliwa hapa kijijini Yakobi tarehe 3 Juni 1921, mtoto wa kwanza wa Mzee Anania na Mama Yunisi. Ninayesoma ni mdogo wake, Methusela.

Alisoma shule ya misheni hapahapa, kisha Njombe, kisha Malangali, alikomaliza mwaka 1940.

Mwaka uliofuata aliajiriwa katika maabara ya udongo, Dar es Salaam, kwanza kuosha vyombo, baadaye kupima. Alitueleza kwamba udongo, au majivu ya majani, huunguzwa kwa umeme mkali hadi ung'ae. Mwanga wake hupitishwa kwenye kioo kinachoutawanya, ukaacha mistari kwenye bamba la picha. Kila madini yana mistari yake, hata yakiwa chembe isiyoonekana kwa macho. Mama alikataa kuamini. Nahumu akarusha chumvi kwenye moto wa jikoni, miali ikawa ya njano.

"Umeona, mama? Chumvi imejitaja."

"Imejitaja, na mboga zangu zitaliwa hivyohivyo bila chumvi," mama akajibu.

Kwa vipimo hivyo, mwaka 1951, ilijulikana kwamba ndama wa Makambako waliokuwa wakikonda kwenye nyasi nzuri walipungukiwa shaba. Walipotiliwa kidogo kwenye chumvi ya kulamba, walinenepa. Wafugaji mlioko hapa mnakumbuka.

Alifunga ndoa na Emilia Mtewele tarehe 20 Septemba 1947. Walijaliwa Kristina, kisha Mika. Mwaka 1953 alihamishiwa Makambako kukusanya sampuli. Hapo alinunua tangi kuukuu kwa mkandarasi aliyekuwa akihama, akinge maji ya mvua, Emilia asiteremke tena mtoni. Ndani lilikuwa limepakwa rangi nyekundu. Kila mgeni aliyefika alionyeshwa tangi hilo.

Januari 1955 Kristina, mwenye miaka sita, alianza kulia tumbo. Alitibiwa minyoo. Akapauka, akashikwa na degedege. Nahumu alijaza chupa maji ya tangi, akaituma maabara. Alisubiri wiki tano. Kristina tulimzika tarehe 9 Machi; barua ilifika tarehe 12. Bamba lilionyesha mistari ya risasi, madini yenye sumu; ilikuwa mizito, na risasi hiyo ilitoka kwenye rangi ya tangi.

Nahumu aliisoma akiwa amesimama mlangoni. "Mama Kristina, ni mimi niliyelileta tangi."

Emilia akamwambia, "Baba Kristina, ulituletea maji."

Siku hiyohiyo Nahumu alilitoboa tangi kwa shoka. Lakini yeye ndiye aliyekuwa amekunywa zaidi ya wote. Mikono ililegea hata kalamu ikamshinda, kisha figo zikaharibika. Daktari alisema wazi kwamba dawa hana. Tulimtoa nje juani asubuhi, tukamlisha kwa kijiko, tukamrudisha ndani. Hatukujua la kufanya zaidi. Alifariki Makambako, Jumatano tarehe 14 Machi 1956, saa nne asubuhi.

Ameacha wazazi, mimi mdogo wake, mkewe Emilia, na Mika mwenye miaka minne. Naye alikunywa maji yale, na mkojo wake ulipelekwa kupimwa risasi tarehe 27 Februari mwaka huu. Nahumu alinitajia maneno ya kuandika kwenye chupa, nikaandika. Majibu bado hayajafika.

Mungu ampe Nahumu pumziko lenye amani.