Nilimcheka Baba Robi Mbele ya Watu

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Mmezoea kuniona hapa mbele nimewapa mgongo, mikono juu, naongoza kwaya. Leo nimegeuka niwaangalie, na nawaambia ukweli, ingekuwa rahisi zaidi kama ningebaki nimewapa mgongo.

Mnaniita Nyar Karungu, binti wa Karungu, kwa sababu niliolewa hapa Rongo nikitoka kule ziwani. Nina miaka hamsini na mmoja na nashona sare za shule. Mume wangu alilala miaka minane iliyopita, na tangu siku hiyo nimekuwa mjane wa mfano. Ninyi wenyewe ndio mlionipa jina hilo. Siku ya kina mama mlinisimamisha hapa, mkasema tazameni mjane anayejiheshimu, mkanipigia makofi. Ndugu zangu, yale makofi nilikuja kuyapenda kuliko nilivyompenda Mungu. Nasema hivyo nikiona haya.

Mwaka jana kanisa lilitafuta fundi wa kututengenezea viti hivi mlivyokalia. Akaletwa seremala kutoka Migori mjini, Mkuria, mtu wa miaka hamsini na saba aliyefiwa na mke. Sote tunamwita Baba Robi kwa jina la binti yake. Akimaliza kupiga randa alikuwa anakaa kule nyuma anatusikiliza tukifanya mazoezi. Jioni moja sauti ya nne, ile nzito ya wanaume, ikapotea kabisa, na yeye akaishika kutoka kule kwenye mbao zake, bila kuombwa na mtu. Hapo ndipo ilipoanza. Mimi Mjaluo, yeye Mkuria, tukawa tunaongea Kiswahili chetu hiki cha kuokoteza, kila mmoja akicheka makosa ya mwenzake.

Mapenzi ya watu wa umri wetu hayana makuu. Sote wawili tuna presha. Kila siku saa mbili asubuhi alikuwa ananitumia ujumbe wa sauti kwa simu: "Mama, umekunywa dawa? Mimi nimekunywa yangu." Basi, ni hayo tu. Siku moja akaniambia sababu. Mke wake alikuwa na presha pia, akaenda shambani asubuhi bila kunywa dawa, Baba Robi mwenyewe akiwa amekimbilia kazi, na yule mama akaletwa nyumbani amebebwa. Baba Robi anajilaumu kwamba asubuhi ile hakumuuliza. Aliniambia mimi peke yangu, hata Robi hakuwa anajua. Nilimshika mkono nikamwambia siri yake imefika mahali salama.

Msimu wa mvua paa langu likaanza kuvuja, maji yakidondoka juu ya cherehani. Baba Robi akaja na ngazi yake, akapanda. Sasa ninyi mliotoka Kisii na Ukuryani labda hamjui jambo hili. Kwetu Wajaluo, paa la nyumba ya mjane haliguswi na mwanaume yeyote tu. Anayepanda pale ni yule aliyemchukua mjane kwa desturi. Hata ukiita fundi wa kulipwa, unamwambia shemeji yako kwanza, aje asimame pale chini watu wamwone. Baba Robi hakujua. Mimi nilijua, na sikumwambia neno, kwa sababu moyoni nilifurahi sana kumwona pale juu.

Shemeji yangu mkubwa akafika. Akasimama getini akauliza ni nani amegusa paa la ndugu yake. Hakuuliza kwa ukali, mniamini. Nilikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kusema kweli. Nikamjibu, "Ni fundi tu. Akimaliza anaenda." Baba Robi alikuwa ameshashuka, ananawa mikono hatua tatu kutoka pale. Alisikia kila neno. Akaweka nyundo kwenye mfuko wake, akabeba ngazi, akaondoka bila kunywa chai niliyokuwa nimempikia. Na kesho yake saa mbili, ndugu zangu, simu ikalia, akaniuliza kama nimekunywa dawa.

Lakini watu walikuwa wameshaona. Wiki hiyo kila nikipita sokoni mazungumzo yanakatika. Kina mama wawili wa kanisa hili wakaja dukani kwangu, ati kuulizia bei ya sare, na wote hawana mtoto wa shule. Nikaogopa. Niliona lile jina zuri mlilonipa linanitoka, na kwaya inapewa mtu mwingine.

Ni wakati huo huo mchungaji alipoomba kwaya itunge mchezo mpya wa nyimbo, wa kuchekesha, tuupeleke kwenye mkutano wa kwaya kule Homa Bay. Alitaka uwe juu ya watu wa makamo wanaotafuta wachumba. Alisema wajane na waliofiwa wanajificha na mapenzi yao kama wezi, basi tuwafanye wacheke kidogo ili waweze kuongea. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Kazi ya kutunga akanipa mimi. Na mimi nikaona hapa ndipo pa kujisafishia. Nikimcheka huyu mtu kwa sauti kubwa kuliko wote, nani tena atasema ni wangu?

Nikatunga "Posa ya Miwani". Mnaukumbuka, wengine mliucheza. Mzee anapiga goti kumposa mjane, goti linagoma, anainuliwa na watu wawili. Mjane anasoma barua ya mapenzi kwa miwani ya kuazima. Watoto wao wazima wanakaa kikao kuuliza mama alikuwa wapi mpaka saa moja jioni. Hayo hayana ubaya, hata Mungu nadhani alicheka. Lakini sikuishia hapo. Yule mzee nikamfanya Mkuria. Nikamfundisha mwimbaji wetu kutembea kama Baba Robi, na mfuko wa nyundo begani. Nikamweka juu ya paa la mjane, ngazi ikaondolewa, akabaki pale analia ashushwe. Na kiitikio, ndugu zangu, kile kiitikio cha kuchezesha mabega ambacho kila mtu alikipenda, kilikuwa hiki: "Mama, umekunywa dawa? Mimi nimekunywa yangu!"

Nilijua maneno yale yametoka wapi. Nilijua ni nani alizikwa bila kuulizwa hivyo. Nikayatia kinanda.

Na nyumba ya kuchezea, ile ya mbao na mabati, nani aliijenga? Ni yeye. Nilimwagiza, nikamwambia tunahitaji kijumba chenye dirisha na paa la kupanda mtu. Aliniuliza mchezo wenyewe unahusu nini. Nikamwambia ni mambo ya familia. Nikamwambia pia asisumbuke kuja Homa Bay, ni mbali na jua ni kali. Alikuja. Alimleta Robi, msichana wa watu, mwalimu wa shule ya msingi, ili aone kazi ya baba yake. Wakakaa safu ya pili, naye amevaa koti jipya.

Nilikuwa dirishani mwa kile kijumba, mimi ndiye niliyekuwa mjane wa mchezo, kwa hiyo nilimwona vizuri. Mwanzoni alicheka kama wengine. Goti lilipogoma alicheka mpaka akajifuta macho. Kisha mwimbaji akatokea na mfuko wa nyundo, na Robi akamgeukia baba yake. Kisha kiitikio kikaja. Ukumbi mzima ulisimama kucheza. Yeye alikaa na mikono yake juu ya magoti, akaniangalia, na mimi nikaendelea kuimba. Niliimba mpaka mwisho! Sauti yangu haikukwama hata mara moja, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Watu walitupigia makofi kuliko kwaya zote. Yeye hakuondoka. Alisubiri watu watoke ukumbini, akapanda jukwaani akatusaidia kuvunja kile kijumba, akafunga mabati kwa kamba. Alipofika karibu yangu akaniita kama wanakwaya wanavyoniita, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hata ile dawa?" Robi alikuwa mlangoni anamngoja na ufunguo wa pikipiki mkononi, wakaenda zao.

Kesho yake saa mbili simu haikulia, wala siku iliyofuata. Na sasa sikilizeni jinsi Mungu anavyoweza kumfundisha mtu. Ule wimbo ulikuwa umependwa. Mama wa mboga akinipimia sukuma wiki ananiimbia. Makondakta pale stendi wananiimbia. Wasichana wa chuo wakija kupima sketi wanaingia wakiimba. Rongo nzima ilikuwa inaniuliza kama nimekunywa dawa, isipokuwa yule mmoja aliyekuwa anataka kujua.

Wiki ya tatu mchungaji akaomba turudie mchezo hapa nyumbani, Jumapili baada ya ibada. Jumamosi tukafungua yale mabati kuunganisha kijumba. Mimi nilikuwa nashika upande wa dirisha, pale ninapoegemea nikiimba. Mnajua bati lilivyo, linakata kama kisu. Nikapitisha mkono pale kwa uangalifu, na mkono wangu haukukutana na makali. Baba Robi alikuwa amekunja ukingo wote kwa nyundo, halafu juu yake akashona kipande cha mpira wa tairi kwa waya, tundu kwa tundu, urefu wa dirisha lile tu. Kwingine kote alikunja bila mpira. Alifanya hivyo kabla ya Homa Bay, wakati hajui nilichomtayarishia, na kule niliegemea pale pale bila kuona, macho yangu yakiwa kwa watu. Niliketi pale chini, nikaona mimi ni mtu wa namna gani.

Ndugu zangu, sikuamua kutubu siku hiyo. Ningependa kuwaambia niliomba, lakini sikuomba. Jumapili nilivaa nguo zangu za mjane nikapanda dirishani kama kawaida, kwa sababu bado niliwaogopa. Mzee wa mchezo akapanda juu ya paa, ngazi ikaondolewa, kinanda kikaanza. Nikafungua mdomo, wimbo ukakataa kutoka. Kilichotoka ni maneno: "Haya maneno niliambiwa mimi. Baba Robi ndiye aliyeniambia, na alikuwa ananipenda."

Mkacheka! Mnakumbuka? Mlidhani ni sehemu ya mchezo. Nikarudia, mkacheka tena, mpiga kinanda akaongeza mdundo. Ilibidi nitoke kwenye kile kijumba, nivue kitambaa cha kuigizia, nije mbele kabisa. Nikasema mara ya tatu, nikasema na habari ya paa, na kwamba nilimkana mbele ya shemeji yangu, na kwamba kicheko chote kile nilikitengeneza ili msinishuku. Kinanda kikanyamaza. Mwimbaji wetu akabaki juu ya paa, hakuna aliyemkumbuka. Sijawahi kuona aibu kama ile tangu nizaliwe. Na katikati ya aibu ile, nawaapia, kifua changu kikafunguka, nikavuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini. Mungu aliniokoa hapo, mbele ya macho yale yale niliyokuwa nikiyaogopa.

Jumatatu shemeji yangu akaja. Nilijiandaa kufukuzwa. Akakaa, akanywa chai, akasema, "Nyar Karungu, ungenijibu hivyo siku ile, mimi ningemshikia ngazi." Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Nilimwuza mtu mwema kwa kuogopa jambo ambalo halikuwepo.

Nilienda Migori kwenye karakana yake. Nikamwomba msamaha mbele ya Robi, kwa sababu yeye pia nilimwaibisha. Nikamwambia na ile siri sikuwa na haki ya kuigusa. Robi alilia, akasema wote mliocheka mwambiwe maneno yale yalitoka wapi. Baba Robi alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia, mwalimu." Kisha akarudi kwenye randa yake. Miezi miwili imepita na hajaniambia neno jingine.

Kwa hiyo nimeokolewa kutoka nini? Si kutoka aibu, aibu ninayo, nimekuja nayo hapa leo. Kuna kina mama hawanisalimii, na kwaya nimeiachia mwingine kwa sasa. Nimeokolewa kutoka kuishi kwa makofi yenu. Na wewe uliyeketi hapo, mama au baba, una mtu unayemficha, unamwita fundi tu, unamwita rafiki wa kanisa tu. Nakusihi, usingoje mpaka umwumize ndipo umtaje. Mwamini Mungu na aibu yako, ataibeba. Mimi ni shahidi.

Sasa namaliza. Baba Robi amekuja leo. Wengine mmeshageuka kumtazama, nimewaona. Ameketi kiti cha mwisho karibu na mlango, na sijui kama amekuja kwa ajili ya ibada au kwa ajili yangu, sikumwita. Nitashuka hapa nipite katikati yenu, mchana kweupe, nikaketi karibu naye. Akisogea anipe nafasi, mtaona. Akiinuka akatoka, mtaona pia, na mimi nitabaki pale pale nimekaa. Ero kamano, asanteni kwa kunisikiliza, na Yesu asifiwe. Naomba mnipishe njia.