Nyuso Alizozifuta: Maisha ya Maximilian Akonaay Bayo (1966–2025)

Ndugu yetu Maximilian Akonaay Bayo, tunayemzika leo, alizaliwa Masieda, Mbulu, tarehe 14 Agosti 1966, mtoto wa tatu wa Mzee Akonaay Bayo na Mama Lucia.

Alimaliza darasa la saba hapo hapo Masieda mwaka 1981. Walimu walipenda kumtuma achore ramani ubaoni. Akimaliza alikimbilia chooni, asiwaone wenzake wakiitazama.

Mwaka 1985 alikwenda Katesh kujifunza kuandika mabango ya maduka kwa Mzee Yusuph Shumbana, na kazi hiyo ndiyo iliyomlisha. Tarehe 8 Oktoba 1994 alifunga ndoa na Getruda. Walihamia Balangdalalu, wakalima mahindi na alizeti.

Mwaka 2011 kigango chetu cha Balangdalalu kilimwomba achore vituo kumi na vinne vya Njia ya Msalaba ukutani mwa kanisa. Alitumia nyuso alizozijua, za majirani. Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima mtu akasema kwa sauti, "Jamani, huyu askari wa Pilato si Nikolausi?" Mwingine akadakia, "Si ni mgambo? Kazi anaiweza!" Kanisa zima likacheka. Nikolausi, jirani yake aliyechorwa, akatoka nje. Jumatatu Maximilian alichukua rangi nyeupe akafuta nyuso zote, hata uso wa Bwana Yesu. Tangu hapo waumini walisali mbele ya vichwa visivyo na nyuso, na hakuna aliyemwendea kumwambia arudi kuzichora.

Wengine wameuita huo unyenyekevu. Ilikuwa hofu. Mtu aliyepewa kipaji hana ruhusa ya kukificha kwa sababu watu wamecheka. Nao waliocheka kanisani wana la kujibu.

Mwanzoni mwa 2023 aligundulika kuwa na saratani ya koo. Matibabu yaliposhindwa alirudishwa nyumbani, na huko Getruda alimuuliza, "Baba Doris, bado unamwogopa Nikolausi?"

"Simwogopi. Naogopa kwamba walicheka kwa kuwa nilichora vibaya."

"Basi kachore vibaya tena. Ukishakufa hutapata nafasi ya kukosea."

Akaenda kwa Nikolausi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umekuja kunitia uaskari tena?"

"Ndiyo. Nautafuta uso wa mtu anayetumwa kazi asiyoipenda."

Nikolausi akavuta kigoda akaketi. "Haya, chora. Lakini masikio usiyakuze kama mwaka ule."

Mwaka mzima wa 2024 alirudishia nyuso, kituo kimoja baada ya kingine, akiwa ameketi kwa kukosa nguvu. Hofu haikumwacha. Asubuhi nyingi alichelewa kushika brashi, na Getruda anasema haukuwa ugonjwa peke yake. Alishika hivyo hivyo. Alifariki nyumbani Jumatatu, tarehe 3 Machi 2025, siku mbili kabla ya Jumatano ya Majivu. Katika kituo cha kumi na nne, Yesu anazikwa, uso bado ni mweupe.

Watu wameuliza nani ataumalizia. Familia imekiomba kigango uso huo usiguswe na mtu. Anayesali pale auone ulivyo, ajue kwamba miaka ilipotea na haikurudi.

Marehemu ameacha mjane, Getruda, watoto Doris, Benedict na Genoveva, wajukuu wanne, na dada yake, Oliva.

Bwana ampe pumziko, na amani ambayo hapa kwetu hakuipata ya kutosha. Amina.